Kipimo cha damu cha saratani ya utumbo: kinamfaa nani katika njia ya Juba, Nimule na Kampala?

JUBA. Kabla jua halijawa kali, soko la Konyo Konyo huwa limekwisha kupokea mizigo. Nyanya, vitunguu, ndizi za kupika na unga wa mahindi vilivyovuka mpaka wa Elegu na Nimule hushushwa, huhesabiwa na kugawanywa kwa wachuuzi. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule, iliyokamilika mwaka 2012, ndiyo inayoulisha mji huu. Wanaoitumia wanajua kila kizuizi na kila mahali pa kuchimba dawa njiani.

Lakini kuna jambo ambalo watu wa njia hiyo hawalizungumzi sokoni, nalo ni damu chooni. Anayeiona hunyamaza. Hudhani ni bawasiri iliyotokana na kukaa kitini saa nyingi, au ni amiba ya chakula cha njiani. Hupita duka la dawa, hununua vidonge, kisha hupanda basi. Mara nyingi huwa kweli ni bawasiri au amiba. Mara nyingine huwa ni saratani ya utumbo mpana, na kila safari ya kwenda na kurudi inaipa muda wa kukua.

Saratani hii si ya nadra. Takwimu za dunia za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa watu zaidi ya milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo mwaka huo, na takriban 900,000 walikufa kwa sababu yake. Ni ya tatu kwa wingi wa wagonjwa miongoni mwa saratani zote, na ya pili kwa kuua. Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya wanaofika hospitali wakiwa nayo huwa na umri chini ya miaka 50, na wengi hufika ikiwa imeshasambaa. Huo ni umri wa mtu anayelea watoto, anayedaiwa na kudai, na ambaye mzigo wake uko njiani.

Ndiyo maana habari kwamba sasa saratani ya utumbo inaweza kutafutwa kwa kutoa damu mkononi ni habari kubwa kwa mfanyabiashara. Kutoa damu ni jambo la dakika tano. Hakuna kuvua nguo, hakuna kulazwa, hakuna kuacha duka. Swali ni kipimo hicho kinamfaa nani hasa, na nani kinaweza kumpoteza.

Kilichogunduliwa Marekani

Julai 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kiitwacho Shield, kinachotengenezwa na kampuni ya Guardant Health. Kiliidhinishwa kwa watu wa miaka 45 na kuendelea ambao hawana dalili yoyote na hawana hatari ya pekee, kwa mfano ya kuwa na saratani hiyo katika ukoo. Hakikuwa cha kwanza. Mwaka 2016 nchi hiyo iliidhinisha kipimo kingine cha damu, Epi proColon, lakini hakikupata matumizi makubwa.

Kinavyofanya kazi si vigumu kueleza. Seli za mwili zinapokufa, vipande vidogo vya vinasaba vyake, yaani DNA, huingia katika damu. Seli za saratani nazo hufa na kumwaga vipande vyake, ila hivyo huwa na alama zisizo za kawaida. Mashine za maabara hutafuta alama hizo ndani ya damu iliyochotwa. Ni sawa na mkaguzi wa mpakani anayetafuta gunia moja lenye muhuri wa bandia katika shehena ya maelfu ya magunia.

Je, mkaguzi huyo anaaminika kiasi gani? Utafiti uliotumika kuombea idhini ulichapishwa Machi 2024, na matokeo yake yalitoka kwa watu wapatao 7,900. Wote walipimwa damu, kisha wakachunguzwa kwa kamera ndefu inayopitishwa katika njia ya haja kubwa, uchunguzi ambao madaktari huuita kolonoskopi. Kamera iliwakuta watu 65 wana saratani. Kipimo cha damu kilikuwa kimewaonyesha 54 kati yao, yaani asilimia 83. Wengine 11 walikuwa wameambiwa wako salama.

Upande wa pili, kati ya watu 100 ambao hawakuwa na saratani wala vijinyama vya hatari utumboni, takriban 10 waliambiwa damu yao ina alama ya saratani. Na kwa vile vijinyama vya hatari vyenyewe, ambavyo ndivyo mbegu ya saratani, kipimo kiliona asilimia 13 tu.

Chukulia mfano wa watu 1,000 wasio na dalili, ambao 5 kati yao wana saratani bila kujua. Kipimo kitawaonyesha 4 na kumkosa 1. Wakati huohuo, karibu watu 100 wengine wataambiwa wana alama mbaya kumbe hawana ugonjwa. Wote hao, wagonjwa na wazima, watahitaji kamera ili ukweli ujulikane. Kwa hiyo mahali ambapo kamera ni ya shida, kipimo cha damu peke yake huacha watu wengi na hofu isiyo na majibu.

Bei nayo ni yake. Kwa bima ya serikali ya wazee ya Marekani, kipimo hicho kilipangiwa dola 1,495. Kwa wengi wanaouza Konyo Konyo, huo ni mtaji mzima.

Anayetoka damu asianzie hapo

Jambo ambalo huachwa kila habari hii inaposimuliwa ni kwamba kipimo hicho kilitengenezwa kwa asiye na dalili. Aliye na dalili ana njia nyingine.

Chukua mfano wa mama wa miaka 42 anayenunua vitunguu Uganda na kuviuza Juba. Kwa miezi 3 amekuwa akiona damu katika choo, na haja yake imebadilika: wiki moja tumbo limefunga, wiki nyingine linaharisha. Mwili umepungua bila yeye kujinyima chakula. Akiwa Kampala anaingia maabara ya binafsi na kuomba kipimo cha damu cha saratani ya utumbo. Mara nyingi atakachopimwa si kile kipya cha Marekani. Atapimwa protini iitwayo kwa kifupi CEA, ambayo maabara nyingi za miji mikubwa ya Afrika Mashariki huipima. Jibu likirudi kwamba kiwango ni cha kawaida, atashukuru Mungu na kurudi katika biashara.

Hapo ndipo penye hatari. CEA iligunduliwa na watafiti Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada, mwaka 1965, na mwanzoni wengi walitumaini kuwa ingetumika kuwatambua wagonjwa mapema. Haikuwa hivyo. Watu wengi wenye saratani ya utumbo iliyo katika hatua za mwanzo huwa na CEA ya kawaida, na uvimbe mwingine hautoi protini hiyo kabisa. Kwa upande mwingine, mvutaji sigara, mgonjwa wa ini au mwenye uvimbe wa kongosho anaweza kuwa na CEA ya juu bila kuwa na saratani. Kwa sababu hiyo miongozo ya madaktari haikubali CEA itumike kutafuta saratani kwa mtu ambaye bado hajachunguzwa.

Kwa maneno mengine, yule mama alinunua jibu la swali ambalo kipimo hakiwezi kulijibu. Na kuchelewa kwake kuna gharama. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa mtu ambaye saratani yake imekutwa ikiwa bado ndani ya utumbo ana nafasi ya takriban 9 kati ya 10 ya kuwa hai miaka 5 baadaye. Ikiwa imeshafika kwenye ini au mapafu, nafasi hiyo hushuka chini ya 2 kati ya 10. Ugonjwa ni uleule. Kilichotofautiana ni siku ulipoonekana.

Wapenzi wa soka wanakumbuka habari za Pelé. Septemba 2021 alifanyiwa upasuaji kuondolewa uvimbe wa utumbo mpana uliogunduliwa katika uchunguzi wa kawaida. Desemba 29, 2022, alifariki akiwa na miaka 82. Wapenzi wa filamu nao wanamkumbuka Chadwick Boseman, nyota wa Black Panther, aliyefariki kwa saratani hiyohiyo Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Si ugonjwa wa wazee peke yao.

Vipimo viwili rahisi vinavyosahaulika

Kabla ya kufikiria kipimo cha dola elfu moja, kuna kipimo cha damu cha bei ndogo kinachopatikana Juba, Nimule, Gulu na karibu kila mji wenye maabara. Ni kipimo cha wingi wa damu.

Uvimbe wa utumbo huvuja damu kidogo kidogo, mara nyingine kwa kiasi ambacho jicho halikioni chooni. Baada ya miezi, madini ya chuma mwilini huisha na damu hupungua. Mtu huchoka mapema, moyo humwenda mbio akipanda ngazi, kichwa humzunguka. Katika ukanda huu upungufu wa damu hupewa majina ya haraka: malaria, safura, lishe duni. Majina hayo mara nyingi ni ya kweli, na ni sawa kuyatibu kwanza. Lakini mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma, na minyoo na malaria vikiwa si sababu, lazima utumbo wake uchunguzwe. Kumpa vidonge vya kuongeza damu na kumwacha aende ni kujaza maji katika ndoo iliyotoboka.

Kipimo cha pili hakihitaji hata mashine. Daktari akivaa glavu na kupima njia ya haja kubwa kwa kidole, anaweza kugusa uvimbe ulio karibu na mlango. Ni uchunguzi wa dakika chache unaoweza kufanyika Juba leo. Watu huukimbia kwa aibu, na baadhi ya wahudumu huuruka kwa sababu hiyohiyo. Aibu hiyo imewafanya watu watibiwe bawasiri mwaka mzima huku uvimbe ukiwa umbali wa kidole.

Kuna pia kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Nchi nyingi zenye mpango wa kupima watu wote wa umri fulani hukitumia, kwa sababu ni cha bei nafuu kuliko kamera na mtu anaweza kuchukua sampuli nyumbani. Nacho pia, kama kile cha damu, kikionyesha tatizo lazima kifuatwe na kamera.

Safari ya kamera

Kamera ndiyo inayomaliza ubishi. Inaonyesha ukuta wa utumbo wote, na daktari anaweza kukata kipande kidogo cha nyama kwenda kuchunguzwa. Zaidi ya hapo, vijinyama ambavyo havijawa saratani huondolewa palepale. Kwa kawaida kijinyama huchukua miaka ipatayo 10 kugeuka saratani, kwa hiyo anayeondolewa kijinyama leo amezuia ugonjwa wenyewe. Hakuna kipimo cha damu kinachofanya kazi hiyo.

Mkazi wa Juba anapaswa kuanza kwa kuulizia huduma hiyo katika hospitali za mji wake, kwa sababu huduma hubadilika kila daktari bingwa anapokuja au kuondoka. Asipoipata, njia za mizigo ndizo njia za matibabu: Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda imekuwapo Mulago tangu 1967, au Nairobi. Kutoka Juba hadi Kampala kwa barabara ni zaidi ya kilomita 600. Zamani wagonjwa wengi wa Sudan Kusini walielekea Khartoum, lakini vita vilivyozuka huko Aprili 2023 viliifunga njia hiyo.

Mambo machache humwokolea msafiri fedha na siku. Siku moja kabla ya kamera, mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo na huenda chooni mara nyingi. Hiyo si siku ya kuwa ndani ya basi. Afike mjini mapema na alale karibu na hospitali. Siku ya uchunguzi huenda akapewa dawa ya usingizi mwepesi, hivyo haendeshi gari wala pikipiki siku hiyo, na ni vizuri awe na mtu wa kumsindikiza. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Nyama iliyokatwa hupelekwa maabara na majibu yake huchukua siku kadhaa. Aulize kabla ya kuondoka atayapataje akiwa Juba, na nani atamweleza maana yake.

Gharama ya safari hiyo si ndogo. Lakini mfanyabiashara anajua hesabu ya mzigo unaooza: kadiri unavyokaa kizuizini, ndivyo unavyopoteza thamani. Kutibu uvimbe ambao haujatoka nje ya utumbo mara nyingi ni upasuaji mmoja. Ukishasambaa, ni tibakemia ya miezi, safari za kurudiarudia na duka lililofungwa.

Mahali damu inapofanya kazi yake

Ikiwa kipimo cha damu hakimfai mwenye dalili ambaye hajachunguzwa, basi kinamfaa nani? Jibu lipo kwa yule aliyekwisha kufanyiwa upasuaji. Hapo CEA, ile iliyoshindwa kuwa mpelelezi, ni mlinzi mzuri wa zamu.

Utaratibu ni huu. Kabla ya upasuaji, CEA hupimwa ili ijulikane kama uvimbe wa mtu huyo unaitoa. Uvimbe ukiondolewa wote, kiwango kilichokuwa juu hushuka, kwa kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo hupimwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, kisha kwa nafasi ndefu zaidi hadi mwaka wa 5, pamoja na picha za skani na kamera kwa ratiba ya daktari. Kiwango kikianza kupanda tena, hurudiwa kupimwa ili kuhakikisha, na kikizidi kupanda, daktari hutafuta ugonjwa umerudi wapi. Ukikutwa mapema, kwa mfano doa dogo katika ini, baadhi ya wagonjwa huweza kufanyiwa upasuaji mwingine.

Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 1,202, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha faida hiyo na mpaka wake. Kati ya waliofuatiliwa kidogo tu, asilimia 2.3 ndio ambao ugonjwa uliorudi ulitibiwa kwa upasuaji wa kuuondoa wote. Kati ya waliofuatiliwa kwa CEA, walikuwa asilimia 6.7. Hata hivyo utafiti huo haukuthibitisha kuwa idadi ya vifo ilipungua. Ulinzi unasaidia baadhi, si wote.

Hapa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka ana tatizo lake mwenyewe, na daktari wake huenda asilifikirie. Mtu huyu hupima Kampala Januari, Nairobi Mei, Juba Septemba, popote mzigo ulipompeleka. Kisha anaona namba imetoka 3 kwenda 5 na usingizi unapotea. Lakini maabara hutumia mashine na kemikali za watengenezaji tofauti, na damu ileile inaweza kutoa namba tofauti katika maabara mbili. Ni sawa na kupima gunia kwa mizani mbili: kabla ya kumtuhumu mpakiaji, hakikisha ni mizani ileile.

Kwa hiyo kanuni ni kuchagua maabara moja na kubaki nayo. Namba moja peke yake haisemi mengi. Mfululizo wa namba kutoka mahali pamoja ndio unaosema. Ikilazimu kuhama, vipimo vya mwanzo vya maabara mpya vihesabiwe kuwa mwanzo mpya, na daktari aambiwe. Mvutaji sigara naye aseme, kwa kuwa sigara hupandisha kiwango. Na kila karatasi ya majibu iwe na tarehe, jina la maabara na kipimo cha kawaida cha maabara hiyo, ihifadhiwe pamoja na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu hizo ndizo karatasi ambazo msafiri hazisahau. Picha yake ibaki pia katika simu.

Vipimo vipya vya vinasaba vinaanza kuingia katika zamu hiyo. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa Juni 2022 uliwahusisha wagonjwa 455 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo ya hatua ya pili. Kwa kundi moja, damu ilichunguzwa baada ya upasuaji kuona kama bado kuna vipande vya DNA ya saratani, na jibu ndilo lililoamua nani apewe tibakemia. Katika kundi hilo asilimia 15 walipewa tibakemia, ikilinganishwa na asilimia 28 katika kundi lililoamuliwa kwa njia ya kawaida. Miaka 2 baadaye, waliobaki bila ugonjwa kurudi walikuwa karibu sawa: asilimia 93.5 na 92.4. Maana yake, baadhi ya watu waliepushwa na dawa kali ambazo hawakuzihitaji. Kwa mtu anayelazimika kuvuka mpaka kwa kila mzunguko wa tibakemia, hilo lingekuwa na uzito mara mbili. Bado vipimo hivyo ni vya gharama kubwa.

Mpaka wa mizigo, mpaka wa afya

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mwaka 2021 Kenya na Uganda ziliwaondolea viza wananchi wake, na kupita Nimule au kutua Entebbe kukawa rahisi zaidi. Taasisi ya Saratani ya Uganda imeteuliwa kuwa kituo cha ubingwa wa saratani cha Jumuiya nzima, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kama Kenya ilivyopewa figo na Tanzania moyo.

Mpango huo una maana kubwa kwa nchi isiyo na kituo cha tiba ya mionzi, tiba ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo huihitaji. Lakini kutegemea mlango mmoja kuna hatari yake. Aprili 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika kabisa, na mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Katika kipindi hicho hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400 wa Uganda. Ilionekana wazi kuwa mashine ikiharibika Kampala, anayeumia yuko pia Juba.

Kinachokosekana si jengo peke yake. Bidhaa ikivuka mpaka wa pamoja wa Elegu na Nimule, karatasi zake husomeka pande zote mbili. Karatasi za mgonjwa hazina utaratibu kama huo. Hakuna fomu moja ya rufaa inayoanzia Juba na kupokelewa Kampala, na mgonjwa ndiye anayebeba historia yake mkononi, ikipotea imepotea.

Wafanyabiashara wenyewe wana chombo ambacho serikali hazina: vikundi vyao vya akiba, ule mchezo wa fedha ambao Juba huitwa sanduk, Kenya chama, na Tanzania upatu. Kikundi kinachokubali kutoa fungu la msiba kinaweza pia kukubali kutoa fungu la uchunguzi, ili mwanachama anayeona damu asisubiri hadi auze mzigo wa mwisho. Kikundi hichohicho kinaweza kuweka orodha ya hospitali zinazofanya kamera katika kila mji wa njia yao, bei zake na siku za daktari bingwa, kama wanavyoweka bei za soko.

Iko siku huenda kipimo cha vinasaba vya saratani kikapatikana Juba kwa bei ya mtu wa kawaida. Hadi wakati huo, mgawanyo wa kazi ni huu: asiye na dalili mwenye miaka 45 na zaidi azungumze na daktari kuhusu kipimo cha kinyesi au kamera, na awahi zaidi ikiwa mzazi au ndugu aliwahi kuugua. Aliyefanyiwa upasuaji afuate ratiba yake ya damu katika maabara moja. Na anayeona damu chooni, au haja iliyobadilika kwa wiki kadhaa, au mwili unaopungua bila sababu, asinunue kipimo cha damu cha saratani. Apime wingi wa damu, amruhusu daktari ampime, na aombe kamera.

Basi la Nimule litaondoka kesho pia. Nalo litapita Gulu na kufika Kampala, mahali kamera ilipo.